No. 5 au Arpège? Chagua alasiri, usichague dukani

Binti wa kaka yangu alinipigia simu usiku kutoka Unguja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

Hawajambo, alhamdulillahi, ila ana jambo linamkosesha usingizi. Anaolewa, ametenga sehemu ya mahari yake anunue manukato mamoja mazuri ya kike, ya zamani, yenye heshima zake. Ameshapunguza orodha mpaka yamebaki mawili: No. 5 ya Chanel na Arpège ya Lanvin. Anunue ipi?

Nikamwambia sijui. Akadhani namtania, maana anajua kwamba shangazi yake amesimama nyuma ya kaunta ya manukato hapa Maskati miaka kumi na minne. Lakini nilisema kweli. Sikujua, kwa sababu sikujua ngozi yake inayafanya nini manukato hayo ikifika saa kumi alasiri, na hapo ndipo jibu lilipo. Niliyomwambia usiku ule nayaandika hapa, kwani swali lake naletewa na wateja karibu kila wiki.

Kwanza tujue tunachonusa. Manukato haya mawili ni ya ukoo mmoja, maua yaliyotiwa aldehidi. Jina ni la maabara lakini lisikutishe, harufu yenyewe umeishi nayo tangu utoto. Minya ganda la chungwa karibu na pua: ule ukali unaochoma kabla utamu haujafika, ndani yake mna aldehidi iitwayo dekanali. Hiyo hiyo imo kwenye majani ya kotmiri. Zima mshumaa, unuse pale utambi unapofuka. Vua shuka nyeupe kutoka kwenye kamba ya kuanikia baada ya jua kali, uiweke pasi ya moto juu yake, kisha inama. Hiyo ni aldehidi. Ikiwa nyingi na peke yake hunuka nta na mafuta yaliyochacha. Ikiwa kidogo, juu ya asumini na waridi, inayanyanyua maua yale mpaka hayanukii tena bustani. Yananukia nguo safi iliyovaliwa na mtu aliyepita bustanini.

Mgeni wa harufu hii atasema, "Mbona inanukia sabuni?" Hajakosea. Watengenezaji wa sabuni waliiga manukato ya namna hii miaka mingi, kwa hiyo wengi wetu tuliijua nakala kabla ya kuijua asili. Ukisikia sabuni dakika ya kwanza, usikimbie. Hiyo ni baraza tu, hujaingia ndani ya nyumba.

Na hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimpulizia mama mmoja No. 5 kwenye karatasi, akanusa, macho yakamng'aa, akalipa papo hapo chupa kubwa. Siku ya tatu alirudi na chupa yake ndani ya mfuko, hana hasira, ana huzuni tu. Akaniambia asubuhi ilikuwa harufu ya mamake, lakini jioni ilikuwa poda ambayo yeye na kichwa chake havipatani. Nilimuuzia dakika tano za mwanzo. Tangu siku ile simuuzii mtu manukato ya aldehidi kwa karatasi, hata akiniomba.

Sasa nikupe kidogo habari za kila moja, kwa sababu zinasaidia kuelewa pua inachokutana nacho.

No. 5 ilitoka Paris mwaka 1921. Aliyeitunga ni Ernest Beaux, mzaliwa wa Moscow, aliyefanya kazi huko katika nyumba ya manukato ya Rallet kabla mapinduzi hayajamhamisha. Alimpelekea Gabrielle Chanel sampuli zenye nambari, kutoka 1 hadi 5 na kutoka 20 hadi 24, naye akaichagua ya tano. Aldehidi alizotumia Beaux zilikuwa mchanganyiko wa zile zenye kaboni kumi, kumi na moja na kumi na mbili, na alizitia kwa mkono mkunjufu. Baadaye alisimulia kwamba vita vilimpeleka kaskazini ya mbali kabisa, kule ambako jua la kiangazi halizami, na kwamba maziwa na mito ya huko ilikuwa na ubichi wa hewa alioutafuta mpaka akaupata. Mimi kila nikiipuliza No. 5 nayakumbuka maneno hayo. Chini yake mna asumini ya Grasse, mji wa Ufaransa unaosifika kwa maua ya manukato, mna waridi, mna langilangi, maua yote yanayopenda jua, lakini juu yake umepita upepo wa baridi.

Arpège ina hadithi nyingine na joto jingine. Ni ya mwaka 1927. Jeanne Lanvin, mshonaji mkubwa wa Paris, alitaka manukato kwa ajili ya binti yake Marguerite aliyekuwa anatimiza miaka 30. Yalitungwa na André Fraysse, na jina la Paul Vacher hutajwa pamoja naye. Binti alikuwa mtu wa muziki, na jina limetoka kwenye muziki: arpeji ni sauti za mkusanyiko mmoja zikipigwa moja baada ya nyingine, kama mpigaji wa ganuni anavyopitisha vidole kwenye nyuzi kuanzia juu mpaka chini. Chupa yake ya zamani ni tufe jeusi lililobuniwa na Armand Rateau, na mchoro wa dhahabu ulio juu yake, wa mama na binti yake, ni wa Paul Iribe. Mamangu alikuwa na chupa hiyo. Niliikuta tupu, haina hata tone, ameiweka wazi katikati ya kanga zake kabatini, na kanga zote zilikuwa zinanukia. Nasema hivi ili ujue kwamba kwa Arpège mimi si shahidi asiye na upande.

Sisi wa pwani tuna faida moja katika jambo hili, na sioni watu wakiitumia. Vitu vilivyomo humu vina majina kwetu tangu zamani, wala si majina ya kukopa dukani. Asumini. Waridi. Langilangi. Sandali. Miski. Zabadi, ile inayotoka kwa fungo, ambayo watunzi wa zama zile waliitumia sana na siku hizi huundwa maabara. Mwanamke aliyevaa kikuba hata mara moja anaijua langilangi kuliko muuzaji wa Paris, na mafuta yake mengi yanayokwenda kwa watengeneza manukato yanatoka Komoro, jirani zetu. Kwa hiyo usiniambie hujui kunusa. Tahadhari moja tu: asumini unayoijua ya kikuba si ile ya Grasse. Yetu ni bichi zaidi, ina kama utamu wa tunda na ukijani. Ile ya Grasse ni nzito, karibu na asali. Usiihukumu No. 5 kwa kukosa asumini ya nyumbani kwenu, maana haikuwahi kuwa nayo.

Kabla hujauliza No. 5 au Arpège, uliza No. 5 ipi. Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi, wanalinganisha vitu viwili kumbe vipo vitano.

Ile iliyoandikwa Parfum ndiyo nzito kuliko zote, huuzwa kwa chupa ndogo, na shingo ya chupa imefungwa uzi kwa mkono na kutiwa muhuri. Asumini na waridi ndani yake ni nene, haipigi kelele, inakaa karibu na mwili, mtu anaisikia akikukumbatia. Eau de Toilette, iliyo nyepesi kuliko Parfum, ni ya zamani pia. Aldehidi zake ziko hai zaidi na mwisho wake ni sandali kavu. Eau de Parfum, iliyo katikati kwa uzito, ni mdogo wao, imetungwa na Jacques Polge mwaka 1986, na ina utamu wa zama zake: kama pichi, vanila zaidi, sauti kubwa zaidi. Ukisikia mtu anasema No. 5 inamuumiza kichwa, mara nyingi ni hii aliyoivaa, na pengine aliipuliza mara sita. Kisha ipo L'Eau ya mwaka 2016, kazi ya Olivier Polge, mtoto wa Jacques: limau, chungwa, wepesi. Naipenda, lakini aliyeizoea hiyo hajakutana bado na No. 5 yenyewe.

Arpège inakurahisishia. Utakayoikuta dukani ni Eau de Parfum, na utungo wake uliopo umetokana na matengenezo ya mwaka 1993. Bei yake pia ni ya huruma. Kwa pesa za chupa ya No. 5 unaweza ukarudi nyumbani na Arpège na chenji ya kutosha kununua viatu.

Wateja wangu nawaanzishia Eau de Parfum ya zote mbili, ili mizani iwe sawa. Akiniambia No. 5 imemzidi utamu, ndipo namletea Eau de Toilette, na mara nyingi hapo uso unabadilika.

Haya, tujaribu. Unahitaji siku nne na vichupa viwili vya sampuli. Kama duka lina moyo mzuri litakujazia. Kama halina, nenda dukani ujipulizie kisha uondoke, usinunue siku hiyo. Kwa binti wa kaka yangu nilijaza vichupa viwili nikampa mtu aliyekuwa anasafiri kwenda Zanzibar, nimevifunga kwenye soksi.

Siku ya kwanza na ya pili ni za mikono yote miwili. Koga kwa sabuni isiyo na harufu kali. Usipake liwa, usipake mafuta ya nazi, usifukize udi, hata kama una mgeni. Saa tatu asubuhi pulizia mara moja No. 5 upande wa ndani wa mkono wa kulia, karibu na kiwiko, na Arpège mkono wa kushoto mahali pale pale. Usiweke kwenye viganja wala vifundo vya mikono vinavyokutana na maji, maana utanawa mara kumi kabla ya mchana. Usisugue. Kusugua kunapasha ngozi moto na aldehidi, ambazo ni nyepesi, zinaondoka mbio kabla hujazijua. Kisha usinuse. Najua ni vigumu. Subiri dakika kumi kamili.

Nusa mara ya kwanza dakika hiyo ya kumi, mara ya pili baada ya saa moja, mara ya tatu adhuhuri, mara ya mwisho alasiri. Mara nne tu. Pua ikinusa kila dakika inachoka na kuanza kudanganya. Ikichoka, nusa nguo yako mwenyewe begani. Hiyo inatosha kuirudisha, huna haja ya buni za kahawa wanazoweka madukani. Na kila ukinusa andika neno moja tu kwenye simu. Neno moja, si sentensi. Mteja mmoja aliniletea maneno yake: pasi, poda, mto, hakuna. Mwingine kwa chupa ile ile aliandika: sabuni, waridi, mkate, mama. Unaona kwamba hao hawawezi kununua kitu kimoja.

Siku ya tatu vaa moja peke yake, kama utakavyoivaa maishani: shingoni, kifuani chini ya nguo, na nyingine siku ya nne. Siku hizo nenda kazini, panda daladala, pika. Manukato unayoyaweza umekaa tu huenda usiyaweze umesimama jikoni.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: wapo watu ambao pua zao hazizisikii aina fulani za miski. Si ugonjwa, ndivyo walivyoumbwa. Mtu kama huyo atakuambia harufu imekwisha saa sita mchana, kumbe wenzake bado wanaisikia mpaka magharibi, naye anaongeza mpulizo juu ya mpulizo. Kwa hiyo alasiri mwombe mtu wa nyumbani akunuse mkono. Asijue upi ni upi. Muulize tu, "Bado ipo?"

Sasa usikilize nini katika nyakati hizo nne? Nitakuambia ninavyoyasikia mimi, ila ngozi yako ina haki ya kunipinga.

Dakika ya kumi No. 5 inang'aa. Kuna ganda la ndimu, kuna nta, kuna kitu kama kitambaa kilichotoka kwenye pasi sasa hivi, na nyuma yake maua ambayo huwezi kuyatenganisha. Wengi hujaribu kusema "hapa ni waridi, hapa ni asumini" na wanashindwa, nami nadhani Beaux alikusudia hivyo. Arpège dakika hiyo hiyo nayo ina aldehidi, lakini hazichomi. Ni kama taa ile ile imefunikwa kitambaa cha hariri. Ukiwa na pua nzuri utasikia maua yake yanakuja kwa zamu, sawasawa na jina lake, na katikati kama harufu ya mbegu za giligilani zilizokaangwa kidogo bila mafuta.

Baada ya saa moja langilangi inajitokeza kwenye No. 5, na kwenye ngozi zetu zenye joto inajitokeza sana. Hapa kuna watu wanaipenda mpaka wanatoa machozi na wapo wanaoona imekuwa nene. Adhuhuri inaanza kuwa poda: mizizi ya airisi, miski, vanila kidogo. Ni poda safi, iliyonyooka, ya mtu aliyechana nywele zake na hazitoki mahali pake. Ikifika alasiri, kwenye ngozi inayoipokea, ni sandali na miski na usafi usioelezeka. Kwenye ngozi isiyoipokea ni poda ya kukaba.

Arpège inaelekea kwingine. Adhuhuri maua yameshaanza kuketi na mbao zinapanda: sandali, mizizi ya nyasi iitwayo vetiva, majani ya pachuli kidogo. Alasiri ni joto la mbao na vanila, kama kasha la mninga au la Lamu lililofunguliwa baada ya kufungwa mwaka mzima. Haina ule mng'ao. Asubuhi mtu anayezijaribu zote mbili karibu kila mara husema No. 5 imeshinda. Alasiri hesabu inabadilika, na ndiyo maana nakuambia usinunue asubuhi.

Nizungumzie joto, kwa sababu vitabu vingi vya manukato vimeandikwa na watu wanaovaa makoti. Hapa Maskati wakati wa kiangazi nje ni zaidi ya nyuzi 40, ndani ni kiyoyozi. Zanzibar si kali hivyo lakini unyevu wake unaibeba harufu na kuibandika kwa kila aliye karibu nawe. Katika joto kama hilo aldehidi zinaruka upesi na langilangi na vanila zinavimba. No. 5 ya Eau de Parfum mchana wa Machi, Mji Mkongwe, ndani ya gari lisilo na kiyoyozi, siwezi kuipendekeza kwa mtu ninayempenda. Eau de Toilette itakuvusha, mpulizo mmoja kifuani. Arpège inavumilia joto kidogo zaidi kwa sababu ya ukavu wa vetiva, ila nayo iwe ndogo. Ndani ya kiyoyozi mambo yanageuka: No. 5 inapata ule ubaridi wake na inapendeza kuliko mahali popote, wakati Arpège inaweza kujikunyata usiisikie.

Na udi? Binti wa kaka yangu aliniuliza hilo kabla sijalifikia, maana bibi arusi gani wa kwetu atakosa chetezo. Kwa maoni yangu No. 5 na udi hazikai nyumba moja. Moshi wa udi unazifunika aldehidi, poda inabaki peke yake juu ya moshi, na vyote viwili vinaharibika. Arpège inaukaribisha udi kwa sababu sandali yake na udi ni watu wanaofahamiana. Fukiza nguo kwanza, ziache zipoe nusu saa, kisha jipulizie Arpège mwilini na si juu ya nguo. Kama wewe ni mtu wa udi kila Ijumaa na kila shughuli, hili peke yake linaweza kukuamulia.

Kwenye nguo, jaribu kwanza kwenye ncha ya kitambaa cheupe usichokihitaji. Manukato haya yana rangi ya dhahabu iliyokolea na hariri haisamehi. Lakini kwenye pamba nzito, au kwenye pindo la ndani la kanga, aldehidi zinakaa kwa saa nyingi kuliko kwenye ngozi, kwa kuwa hakuna joto la kuzifukuza. Wanaosema No. 5 haidumu kwao, wengi wao nawaambia waweke tone moja kwenye kitambaa cha mkononi wakitie mkobani. Wanarudi kunishukuru.

Ukishajua unachotaka, kuna hatari za kununua. No. 5 inaigizwa kila kona ya dunia. Geuza kasha uone nambari iliyopigwa chini, kisha itafute hiyo hiyo kwenye chupa, zikitofautiana, rudisha. Kioo chake kina kingo safi, kizibo kinakaa bila kucheza. Ukiambiwa ni "orijino" kwa robo ya bei, jua unanunua chupa na hadithi. Arpège haiigizwi sana kwa kuwa haina bei ya kumtamanisha mwigizaji, lakini hatari yake ni nyingine: hukaa rafuni muda mrefu. Usichukue ile iliyopangwa dirishani penye jua. Mwanga na joto huanza kwa kuua harufu ya mwanzo ya manukato, yaani aldehidi zenyewe, na chupa iliyochoka huanza na harufu kama ya dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Ikiwa imechoka kidogo tu, harufu hiyo inapita na kilicho chini bado ni kizima. Ikibaki zaidi ya dakika chache, imekwenda.

Wapo watakaokushawishi utafute chupa za zamani, za kabla ya 1993 kwa Arpège, au No. 5 za enzi za bibi zako. Ni kweli zilikuwa na vitu ambavyo siku hizi vimepunguzwa au kuondolewa, zikiwamo miski za aina ya kale. Nimenusa chache na nimezipenda. Lakini usianzie hapo. Chupa ya zamani inakuambia ilivyotunzwa zaidi ya inavyokuambia ilivyotungwa. Jua kwanza iliyopo, kisha ndiyo uwinde.

Nyumbani itunze ndani ya kasha lake, kabatini, mbali na bafu. Usiiweke juu ya meza ya kioo ikapigwa na jua la asubuhi, hata kama chupa ni nzuri ya kutazamwa. Chupa ya mamangu ilidumu kwa sababu ilikuwa gizani katikati ya nguo.

Kama unamnunulia mtu mwingine na huwezi kumfanyia majaribio ya siku nne, angalia anapenda nini alasiri, si asubuhi. Anayependa chumba kilichofagiliwa, shuka zilizonyooshwa, poda ya mtoto, nywele zilizobanwa: mpe No. 5, na kama ana miaka chini ya ishirini na tano mwanzishie L'Eau au Eau de Toilette. Anayependa kasha la nguo, sandali, liwa, chai ya maziwa iliyochemka sana: mpe Arpège. Anayeogopa sabuni asipewe yoyote kati ya hizi, apewe asumini yake apumzike. Na ukiwa hujui kabisa, nunua Arpège, kwa sababu ukikosea utakuwa umekosea kwa bei nafuu, naye atakuwa na kitu kizuri cha kuweka kabatini.

Mwenyewe? Navaa No. 5 Eau de Toilette kazini, ndani ya kiyoyozi, mpulizo mmoja. Nikirudi nyumbani nakoga, nafukiza udi, navaa Arpège. Sijawahi kuweza kuchagua, nami sikudai kwamba lazima uchague milele. Ila pesa ya kwanza inakwenda kwa moja.

Siku ya nne, saa kumi na dakika kadhaa kwa saa za Unguja, simu yangu ililia. Hakuandika salamu, na nilimsamehe. Aliandika, "Shangazi, wa kushoto. Mama ameninusa akaniuliza nimefungua kabati la bibi."

Nikamjibu anunue chupa ndogo kuliko zote zilizopo, na pesa iliyobaki aongeze kwenye udi.